Kiti cha Nyuma

Karakana, 3 Februari

Shemeji,

Salamu. Natumaini hujambo, na kama unaumwa upone. Sisi huku wazima, mke wangu anakohoa kidogo lakini si kitu. Nimeshika kalamu kwa sababu simu umenifungia. Dereva wa lori la mizigo amekubali kuwa tarishi wetu, maadamu anapita kwako na kwangu kila wiki. Usimfokee, hana kosa.

Neno langu ni moja. Namtaka mama yangu. Alikwenda huko kumtembelea mwanawe, akamkuta mzima. Figo zilipomshinda mwanawe akamuuguza, akamzika. Huu ni mwaka wa tatu. Aliyemfuata huko hayupo tena. Mtoto aliyebaki ni mimi, na nimemjengea chumba, nimekipaka rangi, nimeweka kitanda kifupi ili asipate taabu ya kupanda. Majirani wakiniuliza Mama yuko wapi nabadilisha mazungumzo.

Usiniletee habari za magari. Najua Mama hapandi chombo chenye paa. Hata teksi ya kumpeleka mtaa wa pili inamtapisha mpaka presha inapanda. Ndiyo maana ndugu yangu alikuja kumchukua kwa ile pikipiki yake kubwa ya safari. Sasa pikipiki unayo wewe, kazi yako ni kufundisha udereva, na nimeambiwa unaiendesha mjini kama mwanamume. Basi mpandishe, umlete. Siku mbili za njia, mnalala katikati, mmefika. La sivyo nitajua unamshikilia ili uwe na mtu wa kukufulia.

Kaka wa marehemu mumeo


Nyumbani, 12 Februari

Shemeji,

Nimepata barua yako, na harufu ya gundi ya karakana imeingia nayo mpaka sebuleni. Mimi sijambo. Mama hajambo, isipokuwa nyonga ya kushoto. Mkeo mpe pole ya kikohozi. Kuishi na wewe si mchezo.

Simu nilikufungia kwa sababu ulinipigia nikiwa kazini ukapayuka mpaka mwanafunzi wangu akazima gari katikati ya makutano. Na hapa Mama hafui. Asubuhi anakaa uani, anawapanga wanafunzi kwa zamu na kuwasema wanaochelewa, nao wanamwogopa kuliko wanavyoniogopa mimi. Nguo zake nafua mimi.

Sasa sikia usilotaka kulisikia. Mwezi uliopita tulianza safari ya kuja kwako. Mama mwenyewe alitaka, alisema amekukumbuka, sijui amekumbuka nini. Tulifika kituo cha pili cha mafuta nyonga ikakaza, akashindwa kushuka. Mhudumu wa pampu na mimi tulimteremsha kama tunateremsha kabati. Akakaa chini kwenye saruji, akasema, "Kile kiti sikikalii tena."

Kiti chenyewe umekishona wewe. Mbele ulimchongea ndugu yako, kikamtosha yeye. Nyuma uliacha ubao ukaufunika kwa ngozi bandia ya reksini, kwa kuwa hukufikiria kwamba kuna binadamu atakaa pale. Mimi nilikaa pale miaka yote ya ndoa yangu, najua ninachosema.

Kwa hiyo nanunua kiti kingine. Madukani vipo vya kila namna, vyenye jeli ndani, vyenye egemeo la mgongo. Nikishakifunga, Mama atakuja. Akitaka kubaki kwako atabaki, akitaka kurudi nitamrudisha. Ataamua mwenyewe.

Mke wa ndugu yako


Karakana, 20 Februari

Shemeji,

Mimi mzima. Kikohozi cha mke wangu kimepoa, na anasema hakukutuma umsemee.

Tangu nianze kukaa kwenye cherehani hii hakuna kiti changu kilichorudi. Leo unakiita ubao? Nyuma nilipunguza sponji kwa sababu ndugu yangu aliniomba, na aliniomba kwa sababu mkewe, yaani wewe, alilalamika kwamba yuko juu mno, upepo unampiga. Hilo umelisahau, la ubao unalikumbuka.

Nenda kanunue. Lakini usije ukasema hukuambiwa. Kiti cha dukani ukikibonyeza kwa kidole kinakuchekea. Saa ya kwanza unaona raha. Saa ya pili sponji imelala, jeli imeshika moto wa jua, na wewe umekalia plastiki tupu. Watu wanadhani kiti laini ndicho kizuri. Kiti kizuri ni kile ambacho ukikikalia mara ya kwanza unanung'unika, na jioni ukishuka hukikumbuki. Kikiwa kipana mbele kitakupanua mapaja, miguu haitafika chini, na kwenye taa nyekundu utayumba na mama yangu mgongoni. Kikiinama mbele, kila ukishika breki utatelezea kwenye tangi, na Mama atakutelezea wewe. Egemeo likikaa mbali atalitafuta kwa mgongo njia nzima.

Hayo nimesema kwa ajili yake, si yako. Na kiti cha ndugu yangu usikiguse.

Kaka wa mumeo


Nyumbani, 9 Machi

Shemeji,

Hatujambo. Mvua imenyesha, wanafunzi wameniharibia taa ya nyuma ya gari la mafunzo, vinginevyo kheri.

Nilinunua kiti. Muuzaji alikifunga kwenye pikipiki hapo hapo dukani, nikakaa, Mama akakaa, wateja wakatupigia makofi. Tulikwenda nje ya mji na kurudi. Sitasema kwamba ulikuwa sahihi, usisubiri. Nasema tu kwamba kiti hicho sasa kiko kwa jirani, anakikalia akimenya vitunguu.

Basi nakutumia kile cha zamani. Kipo ndani ya gunia, dereva atakushushia. Vua reksini, toa sponji, tumia bamba la chini, unitengenezee kiti cha watu wawili, mimi mbele na Mama nyuma. Wewe ndiye unayemtaka, basi fanya kazi.

Najua utavimba kwa sababu ya kiti cha ndugu yako. Vimba. Alikuwa mrefu, mzito, na pale alipokaa pamebonyea kwa umbo lake. Nimekalia shimo lile miaka mitatu. Nikikata kona natelezea lilipo, na kila nikitelezea namkumbuka, na nikimkumbuka sioni barabara. Siwezi kumbeba mama wa mtu huku macho yana maji. Nilimpenda kuliko unavyodhani, lakini kiti chake sikitaki.

Mke wa ndugu yako


Karakana, 17 Machi

Shemeji,

Umeniletea kiti cha ndugu yangu ndani ya gunia la viazi. Sikuulizi hali yako leo.

Nilikitoa mbele ya wateja nikidhani ni mzigo wa kawaida. Pale aliposuguasugua kwa funguo bado pana alama. Nilifunga karakana nikaenda nyumbani, mke wangu akadhani nimefiwa tena. Sitakivua. Kimekaa juu ya kabati na hapo kitabaki. Kwa muuza spea nimepata bamba jingine la pikipiki kama yenu, ndilo nitakalolitumia.

Kiti nitatengeneza, maana nikikuacha utamweka Mama juu ya mto wa sebuleni umfunge kamba. Ila fuata utaratibu wangu. Mimi simkadirii mtu kwa macho. Mteja wangu anakaa kwenye udongo, naona wapi mifupa inagusa na wapi nyama inabeba, ndipo nachonga. Chukua trei mbili za mbao, jaza udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri, tandika kitambaa chepesi kilicholowa. Kila mmoja akae kwenye yake, magoti yamekunjwa kama yuko barabarani, atulie mpaka mguu uanze kufa ganzi. Anyanyuliwe moja kwa moja juu, asijiburute. Trei zikauke kivulini. Andika ipi ya mbele na ipi ya nyuma, kisha zitume.

Na usinifanyie haraka. Ukinipa umbo la uongo nitakupa kiti cha uongo.

Kaka wa mumeo


Nyumbani, 1 Aprili

Shemeji,

Sisi wazima. Trei hizo hapo, zimeandikwa. Nimezizungushia blanketi, ukikuta zimepasuka mshike dereva.

Mama anakusalimu. Fanya kazi, maswali yapunguze.

Mke wa ndugu yako


Karakana, 22 Aprili

Shemeji,

Salamu za huku ni nzuri. Za huko siziamini.

Kiti hicho. Sponji ngumu chini, ya kati katikati, laini juu kiasi cha unene wa kidole. Mbele nimekipunguza pande zote ili miguu yako mifupi ifike chini. Mshono nimeupitisha ubavuni, usiwakate mapaja. Nyuma nimekipandisha kidogo ili Mama aone mbele yake na asitazame kisogo chako siku nzima, na egemeo unaweza kulisogeza kwa spana. Kiti kama hiki sijamshonea mtu yeyote.

Ila nina swali, na nijibu kama mtu mzima. Mama amekonda hivyo tangu lini? Niliposhika trei ya nyuma nilishtuka. Mama yangu ninamjua, ni mtu mwenye mwili. Unamlisha nini? Ama unamnyima, ama anaumwa na unanificha. Akifika hapa amekongoroka hivyo, wewe na mimi tutafikishana mbali.

Mtie kwenye kiti, umlete.

Kaka wa mumeo


Nyumbani, 6 Mei

Shemeji,

Mimi sijambo. Mama yuko kitandani, na kabla hujarusha mikono soma mpaka mwisho.

Mama hakukonda. Mama anakula kuliko mimi na wewe. Trei zote mbili nilizikalia mimi.

Barua yako ya udongo nilimsomea kwa sauti. Nilipofika kwenye trei aliinuka akaingia chumbani kwake. Nikamfuata, nikambembeleza, nikamwambia hiyo ni kazi tu, fundi ni kama daktari. Akaniambia, "Yule nimemzaa mimi. Nimpelekee makalio yangu kwenye trei ayapapase?" Hakutaka kusikia zaidi. Basi nilikalia ya mbele, kisha nikakalia ya nyuma, nikaweka mto ubavuni ili nionekane mpana. Nilidhani inatosha. Kosa ni langu, silikatai.

Lakini wewe nawe fundi gani? Unaletewa mtu yuleyule mara mbili unashindwa kumjua, badala yake unaniandikia kwamba namtesa mama yako kwa njaa. Nilitaka kuichana barua ile. Nimemlaza, nimemwogesha, nimemkanda nyonga hiyo kila jioni kabla ya kulala, na wewe uliyepaka chumba rangi unanihoji mimi.

Mbele kimenikaa vizuri. Sitasema uongo, sijawahi kukalia kitu kama kile. Nyuma kilimkaa kama kingenikaa mimi. Tulienda mbali zaidi ya safari zote, kisha nyonga ikakaza vibaya, nikageuza. Amelala tangu juzi. Jana alilia. Aliniambia anaona atakufa bila kukuona tena, na kwamba nisikuambie. Nakuambia.

Mke wa ndugu yako


Karakana, 14 Mei

Shemeji,

Nasikia hali ya Mama na sina raha. Mpe pole yangu. Mwambie pole tu, ya trei usimtajie.

Uliuliza mimi fundi gani. Nilizifungua trei zile nikaona zinafanana. Niliona, sikuwa kipofu. Lakini moja iliandikwa nyuma, na wa nyuma ni mama yangu, nikaona haya kuitazama. Niliitupia jicho, nikaifunika gazeti, nikachonga kwa kukumbuka kile nilichoona. Hata kipimo cha kamba sikuweka. Kwa hiyo yeye alikataa kuonyesha na mimi nilikataa kuona, na katikati yetu uko wewe na mto wako. Ukilisimulia hili kwa mtu yeyote nitakataa.

Kazi yangu sijawahi kumwachia mtu, na kukuachia wewe kunaniuma mno. Kwenye boksi kuna sponji ya nyuma haijachongwa, nene kuliko inavyotakiwa. Kuna kisu chenye meno, msasa, na reksini niliyoishona tayari, ina kamba chini ya kukazia. Wewe utamchongea.

Fanya hivi. Paka chaki nyeupe juu ya sponji yote. Mama avae sketi nyeusi akae, mimi sipo, hakuna mwanamume yeyote. Akinyanyuka tazama sketi. Palipojaa chaki ndipo panapomwumiza, hapo punguza. Punguza kidogo, kwa msasa, apumzike, umkalishe tena. Upande wa nyonga ya kushoto utataka kuchimba haraka. Usichimbe. Mkono ukiwasha kwa papara, weka kisu chini uende ukafundishe watu udereva. Chaki ikitapakaa sawasawa pande zote umefika.

Hilo la njaa nimelifuta. Mengine yako palepale.

Kaka wa mumeo


Nyumbani, 2 Juni

Shemeji,

Habari za huku ni nzuri kupita nilivyotaka. Mama ameinuka.

Nilifanya ulivyosema, ingawa maelezo yako yameandikwa kama amri za jela. Tulifunga mlango wa uani, tukawapa wanafunzi likizo. Mara ya kwanza sketi ilikuwa nyeupe upande mmoja tu, upande ule ule anaolalamikia, na mimi nilikuwa nimeanza kudhani anadeka. Nilisugua, akakaa, nikasugua. Alinikosoa kuliko wewe. Kisu nilikiweka chini mara nyingi. Siku chaki ilipotapakaa sawa, alikaa juu ya pikipiki iliyosimama uani, akaegemea. Nikamwendea, kumbe amelala.

Tunaondoka Ijumaa. Nitakwenda polepole, na tutapumzika kila kituo. Nakuletea mama yako kama ulivyodai. Usinishukuru, kwa maana sifanyi kwa ajili yako. Tangu ndugu yako aondoke, mtu ninayemkuta nikirudi kazini ni Mama. Ananiuliza nimekula nini, ananiambia nimekonda. Akiamua kubaki kwako nitarudi na kiti cha nyuma kitupu, na nitakuchukia kwa dhati. Nimeona nikuambie mapema.

Mke wa ndugu yako


Karakana, 24 Juni

Shemeji,

Natumaini ulifika salama. Hukutuma hata neno kwa dereva, nikakaa naangalia barabara kama mjinga.

Ulimteremsha, ukaweka begi lake mlangoni, ukakataa chai, ukageuza pikipiki. Nilikuona umefumba mdomo. Nilifurahi, sikufichi. Mama ameshuka kwa miguu yake mwenyewe, anacheka, majirani wanatazama. Nikasema moyoni nimekushinda.

Tukamweka chumbani. Mke wangu hamwachi ashike ufagio. Mimi simwachi akae nje, kuna vumbi la karakana. Wajukuu wanaambiwa wasimpigie kelele. Kila kitu analetewa. Siku za kwanza alishukuru. Baadaye akawa anaamka, anavaa, anajitanda, anakaa juu ya kile kitanda kifupi akitazama ukuta nilioupaka. Nikamuuliza nini kimepungua. Akasema hakuna, mwite shemeji yako aje anichukue.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ananiaibisha, kwamba mimi ndiye mwanawe, kwamba wewe si damu yake, umebaki naye kwa bahati tu. Nilisema mengi, mengine kuhusu wewe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Mwanangu, umenipa chumba kizuri cha kusubiria kifo. Kule nina watu wa kuwasema."

Nilikaa chini, miguuni pake. Alinishika kichwa kama nilipokuwa mdogo, akasema nisinune, atakuwa anakuja kila akitaka, maana sasa ana kiti.

Nimekaa karakana siku nzima leo bila kushona kitu. Nilitengeneza kiti kile ili kinirudishie mama yangu, na kimemrudisha, na hicho hicho ndicho kinachomwondoa. Ningemwacha na ule ubao, angekwama kwako na ningeendelea kukulaumu raha mustarehe. Inaniuma, shemeji. Inaniuma na sina wa kumpigia kelele.

Njoo Jumamosi. Usidhani nimelainika, bado wewe ni mtu mwenye maneno makali na miguu mifupi. Ila utaingia ndani na utakunywa chai, mke wangu hatasikia lingine. Na wakati wa kuondoka mguu wa kushoto wa Mama hauvuki kiti bila kushikwa, wewe huwa unamnyanyua kwa pupa, nilikuona. Usimguse. Nitampandisha mimi.

Shemeji yako